Ng'ombe Niliyemfuta

Vijana wa mtaani kwangu, hawa wanaobeba ordinatere, yaani kompyuta, mgongoni kama mama anavyobeba mtoto, huniuliza mara kwa mara: Papa, wewe uliyetangulia kuuza antivirusi upande huu wa Bukavu, kampuni hizo zinaaminika? Wanauliza kwa heshima, kwa sababu wanajua sikusoma, na bado nilikuwa na mashini mbili mezani wakati baba zao hawajawahi kuigusa hata moja. Mimi huwajibu kwamba wale ni wauzaji, na muuzaji haaminiwi, anapimwa. Wanacheka, wanaondoka wameridhika. Lakini hilo si jibu. Jibu lenyewe lina mjane mmoja wa upande wa Kasha ndani yake, na shamba lake, na sijawahi kuwaambia lote. Nimezeeka, miguu inavimba, na sitaki kwenda nalo.

Nilisoma hadi mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Baba alipofariki nilishuka soko la Kadutu, nikakaa karibu na fundi mmoja wa kufuli, na baada ya miaka miwili nilikuwa na meza yangu mwenyewe. Sina aibu na hilo. Mkono wangu ulijua kufungua kufuli kabla haujajua kuandika jina langu vizuri. Na niseme hapa kitu ambacho mafundi wa kufuli hawakisemi: kila nilipomtengenezea mtu ufunguo, nilitengeneza miwili. Mmoja nilimpa mwenye mlango, wa pili niliutia katika kopo la maziwa ya unga chini ya meza. Sikuiba hata sufuria ya mtu. Niliweka kwa sababu watu hupoteza funguo, na mtu akirudi analia mimi ndiye naonekana mwenye akili. Ila katika miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimebaki na ufunguo wake. Walinitazama usoni, wakaona mtu wa misa ya kwanza, wakaenda kulala.

Vita ilipoingia mara ya kwanza, milango ya Bukavu ilijulikana kuwa ni mbao tu. Baada ya hapo kila mtu alitaka kufuli kubwa kuliko ya jirani, na mimi nikapanda. Shirika moja la wageni lilipofunga buro yake na kuondoka haraka, nilinunua kwao ordinatere mbili na mashini ya kuchapa, nikafungua sekretaria kando ya barabara ya kwenda Bagira. Ni chumba kimoja tu ambamo watu huja kuandikisha barua, maombi ya kazi na mashtaka. Nikamchukua dactylo wa kupiga chapa, maman wa watoto watatu aliyemaliza sekondari, aliyeandika bila kutazama vidole vyake. Mimi nilikaa kwenye mashini ya pili, nikajifunza kwa kumtazama. Maneno ya kwenye kioo sikuyasoma. Nilijua mahali. Kuhifadhi ni juu kushoto, kuchapa ni pembeni yake. Mteja akiniangalia hakuweza kujua tofauti, na mimi sikuona sababu ya kumjulisha.

Mjumbe wa kampuni ya antivirusi alitoka Nairobi, na tai shingoni na sanduku la CD mkononi. Alisema Kiswahili cha redio. Alitia katika mashini yangu disketi iliyougua, tukaona barua ya mtu ikigeuka takataka mbele ya macho yetu, halafu akaendesha programu yake na barua ikarudi nzima. Alikuwa ameshauliza sokoni mimi ni nani, kwa sababu aliniambia, "Mzee wangu, hii ni kufuli ya ordinatere. Wewe ndiye mtu wa kuelewa." Nilielewa sana. Alinifanya ajenti wao wa Bukavu, akanipa karatasi nene yenye ngao ya kijani, nikaitia katika kioo na kuitundika pembeni ya picha ya Bikira Maria.

Kila kitu cha programu ile kilikuwa kwa Kiingereza. Akanifundisha: dirisha jekundu likitokea, kuna vitufe vitatu. Cha kwanza kinasafisha, cha pili kinafuta, cha tatu kinaacha. "Wewe bonyeza cha kwanza tu, mzee. Umemaliza." Dactylo wangu akauliza kama programu hiyo, ikishaona barua za watu, inampelekea mtu mwingine habari zake. Mgeni akacheka akamwambia kampuni ina kazi nyingi kuliko kusoma mambo ya Bukavu. Nilimkasirikia yule maman kwa kumwaibisha mgeni. Mimi, mwenye kopo la funguo za watu, ndiye niliyekasirika.

Mjane wa Kasha alikuja kwangu wakati vita ilisemwa imekwisha, wakubwa wamegawana viti huko Kinshasa. Mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa, amemwachia watoto wanne na shamba la migomba na maharage mteremkoni. Zamani shamba la Kasha lilikuwa shamba tu. Lakini watu walikuwa wamekimbia vijiji na kujaa mjini, na kila ardhi iliyo karibu na mji ikawa mahali pa kujenga. Ndipo ndugu wa marehemu alipokumbuka kwamba shamba ni la baba yao, kwamba kaka yake aliazimwa tu, na kwamba mjane afungashe.

Kwetu Bushi shamba halipatikani kwa maneno. Mtu hutoa kalinzi: ng'ombe, au mbuzi kama hana nguvu, anayempelekea shefu, mkuu wa ardhi, mbele ya watu, na tangu siku ile shamba ni lake na la watoto wake. Karatasi hakuna. Karatasi ni macho ya wale waliosimama pale ng'ombe akipita. Marehemu alikuwa ametoa ng'ombe wake mwenyewe miaka mingi iliyopita, na katika waliomwona walikuwa wamebaki wazee wawili tu. Mjane akanieleza hayo akiwa amesimama, mtoto wa mwisho mgongoni. Karani wa shefu alikuwa amemwambia alete ushahidi wa wazee hao umeandikwa vizuri kwa mashini, nao watie vidole gumba mbele yake. Shefu akiusoma, shamba linabaki kwa mjane. Asipouleta, linakwenda kwa shemeji.

Aliwaleta wazee wote wawili siku moja. Wa kwanza alikuwa ameteremka kutoka Bunyakiri akikimbia vita, mtu mpole, alisema machache. Wa pili alikaa Bagira kwa mwanawe, na huyo alitusumbua kwa furaha. Alikataa kiti, akataka asimame kama yuko mbele ya shefu. Dactylo alimwuliza ng'ombe alikuwa wa rangi gani.

"Mwekundu," akasema mzee. "Pembe moja imevunjika. Ya kushoto. Andika kushoto, mama, kwa sababu yule shemeji yake atakuja kusema ya kuume. Siku ile yeye alikuwa bado anakojoa mu mukeka."

Tukacheka sote, hata mjane. Mzee akaendelea: nani alishika kamba, nani alitembea nyuma, bia ya ndizi ilikuwa mitungi mingapi, mvua ilinyesha walipofika wapi. Ziliingia kurasa tatu nzima. Nilisikiliza nikajiambia kwamba hapa hakuna shefu atakayethubutu kubisha.

Siku hiyo wino wa mashini ya kuchapa ulikuwa umekwisha. Ulitoka ng'ambo, na mpaka ulikuwa unafungwa leo na kufunguliwa kesho. Mjane akaniomba basi dactylo amwandikie kwa mkono katika kaye, daftari la shule, akae nayo nyumbani wakati anangoja. Nilimwambia kaye huliwa na panya, mashini hailiwi. Dactylo akasema tunaweza kutia kazi katika disketi akachape kwa jirani, mwenye sekretaria ya upande wa pili wa barabara. Nikakataa hilo pia. Disketi ikienda kwa mtu yule itarudi na magonjwa, nikasema, na hapa kwangu kuna ulinzi. Nikamwonyesha mjane ile ngao ya kijani ukutani. Aliitazama kama anavyotazama kitu cha kanisa. Akasema, "Merci, Papa," akaondoka na imani yake yote, akiwa ameiacha kwangu.

Wino ulichelewa majuma matano. Katika majuma hayo mzee wa Bunyakiri alifariki. Mjane alipokuja kunipa habari hakulia sana. Alisema, ashukuriwe Mungu, maneno yake yamo ndani ya mashini, na mwenzake atatia kidole kwa wote wawili.

Wino ulifika siku ya jumanne. Mfanyabiashara aliyeuleta alileta pia bahasha kutoka kwa kampuni, na ndani yake CD mpya na karatasi moja iliyojaa Kiingereza. Dactylo alikuwa amekwenda mazikoni Kadutu. Ningeweza kumngoja arudi saa nane anisomee ile karatasi. Lakini mimi ni ajenti, nimngoje mtu anisomee? Nikatia CD, nikabonyeza pale ninapobonyeza siku zote, ngao ikawa mpya na nzuri zaidi. Kisha nikafungua kazi ya mjane ili niichape, akija kesho aikute tayari. Dirisha jekundu likatokea. Vitufe vitatu. Nikabonyeza cha kwanza.

Kazi haikufunguka. Nikaitafuta mahali pake pa kawaida, jina halipo. Nikazima mashini nikaiwasha, nikatafuta tena. Nikakaa. Nakumbuka nilifuta vumbi juu ya meza kwa kiganja, kama vile karatasi zimefunikwa chini ya vumbi.

Dactylo aliporudi alisoma ile karatasi kwa sauti, neno kwa neno, akinitafsiria. Kampuni ilikuwa imeeleza kila kitu. Ilisema kwamba katika toleo hili vitufe vimebadilishwa mahali, kwamba cha kwanza sasa kinafuta kabisa, mteja awe mwangalifu. Akaniambia pia kwamba huenda kazi ya mjane haikuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa ametia ndani yake kitu fulani cha kupanga kurasa, na mlinzi alikiona kigeni akakiita mwizi.

"Patron," akasema, "yule muzee wa pili bado iko Bagira. Ni kutuma mutu tu. Kesho asubui anasema tena, saa ya mchana tunachapa. Nakumbuka mengi, nitamusaidia."

Nikamwuliza tutamwambia mjane nini.

"Tutamwambia umefuta."

"Sikufuta mimi. Ni kampuni."

"Na kidole ni cha kampuni?"

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia, na haya sijayasahau, kwamba atakayesema habari hii nje ya mlango huu hatarudi kuuona mlango huu. Alikuwa na watoto watatu na mume asiye na kazi. Akanyamaza. Nilijua atanyamaza, ndiyo maana nilisema vile.

Nisieleweke vibaya. Sikutaka mjane apoteze shamba. Nilitaka kazi irudi bila mtu kujua kwamba ilipotea. Nikamtuma dactylo kwenye nyumba ya intaneti aiandikie kampuni. Wakajibu baada ya siku nne, kwa adabu. Walisema kilichofutwa kinaweza kurudishwa na mtaalamu wao, ila mashini isitumiwe tena, na wapewe namba ya leseni. Tukapeleka namba. Baada ya siku tatu wakajibu kwamba namba ile ni ya ajenti, si ya mtumiaji, kwa hiyo jambo linaangaliwa na wakubwa, wana hakika litapata ufumbuzi. Niliifunika mashini kwa kitambaa cheupe. Kila nilipokitazama nilijiambia: wana hakika. Niliwaamini, kwa sababu kuwaamini kulinisaidia kunyamaza. Kama ningewaona ni waongo, ningelazimika kupanda Bagira asubuhi ile ile.

Mjane alikuja mara mbili katika siku hizo. Mara ya kwanza nilimwambia wino uliokuja ni wa mashini nyingine. Mara ya pili alikuta kitambaa cheupe akauliza, akitabasamu, kama ordinatere yangu imekufa. Nikamwambia imelala. Akacheka. Dactylo aliinuka akatoka nje, akakaa huko mpaka mjane alipoondoka.

Siku kumi na tano baada ya ile jumanne, askari waligombana wao kwa wao na mji ukachukuliwa. Aliyekuwa Bukavu anajua, asiyekuwa sitaweza kumweleza kwa mistari miwili. Tulikaa ndani chini ya vitanda tukila unga mkavu. Tulipotoka, sekretaria yangu ilikuwa na kuta nne na picha ya Bikira Maria. Mashini zote mbili zimekwenda, viti vimekwenda, hata ile ngao ya kijani mtu aliitaka, labda kwa sababu ya kioo. Kufuli yangu mwenyewe, nzuri kuliko zote nilizopata kuuza, ilikuwa imelala mlangoni ingali imefungwa. Walikuwa wameng'oa fremu nzima ya mlango.

Na mzee wa Bagira alikuwa amekufa. Hakupigwa risasi. Kifua kilimbana siku ya tatu ya mapigano, na hakuna aliyeweza kumpeleka hospitali.

Mjane alikuja, akasimama katikati ya chumba kitupu. Alitazama kuta moja baada ya nyingine. Hakuniuliza kitu. Ni mimi niliyefungua kinywa.

"Walichukua zote, maman," nikasema. "Na ile yenye kazi yako ndani."

Haukuwa uongo mzima, na hilo ndilo lililoufanya kuwa mwepesi kutoka. Mashini waliichukua kweli. Vita ilikuwa imepita ikibeba makosa ya kila mtu mjini: aliyekuwa na deni alisema lilikwenda na waporaji, aliyevunja ahadi alisema ni vita. Mimi pia nikalitupa langu katika gari hilo. Na mjane akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanipa pole. Akasema, "Papa, umepoteza kuliko mimi."

Kikao cha shefu kiliketi mwezi uliofuata. Hakuwa na karatasi wala mzee. Alisema kwamba ushahidi uliandikwa, ukaporwa. Shemeji yake akasimama akawauliza wazee ni nani aliyeuona huo ushahidi. Akasema mjane ameutunga, kwamba kila mwenye uongo siku hizi anasema waporaji waliuchukua. Watu wakacheka. Hayo nilisimuliwa. Mimi sikwenda, nilisema nina homa. Shamba likapewa shemeji, naye hakulima hata msimu mmoja. Alilikata vipande akauza.

Nilianza upya. Mimi ni mtu wa kuanza upya, hilo hakuna anayeweza kuniondolea. Nilirudi kwenye kufuli, baada ya mwaka nikanunua mashini nyingine, na kampuni ilipotuma mjumbe mpya nilikubali kuwa ajenti tena. Hakuwa na habari ya barua zetu. Alisema aliyekuwa akishughulika nazo ameacha kazi. Akanipa ngao nyingine. Nikauza antivirusi miaka mingi baada ya hapo, na aliyeniuliza kama ni nzuri nilimwambia ni nzuri, na kwa kweli nyingi zilifanya kazi yake. Sikumbuki kumwambia mtu hata mmoja asome kwanza vitufe. Dactylo hakurudi. Nilimwita, akatuma jibu kwamba amepata kazi parokiani, afadhali mshahara mdogo.

Nimewaza sana habari ya kampuni hizi, kuliko wanavyodhani wale vijana. Nimewaza kama fundi. Mtu akikuuzia ulinzi, amekuuzia pia haki ya kuingia ndani. Hawezi kulinda chumba asichokiona. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, kama nilivyokuwa mimi na lile kopo langu, na bado nyumba yako iko mikononi mwake, na siku akihamisha kitasa atakuandikia barua kwa lugha yake, nawe usipoisoma ni shauri lako. Wale hawakuniibia. Hawakunidanganya, au walinidanganya kidogo kwa adabu, kama buro zote. Kosa lao na langu hayalingani. Wao hawakumjua mjane. Mimi nilimjua. Nilikuwa nimemwona akicheka habari ya mukeka.

Mjane alipanga kipande cha shamba kwa mtu, mbali, juu ya Kasha. Na kila mavuno alinitumia kikapu cha maharage. Mara ya kwanza nilidhani amekosea nyumba. Mtoto wake mkubwa, msichana, akaniambia, "Maman anasema ni wewe ulimusaidia bila kumucheka." Mke wangu aliyapika. Niliyala. Mwaka wa pili yakaja tena, nikayala. Mwaka wa tatu aliyaleta mwenyewe, akakaa kwenye benchi akitoa jasho, akiniuliza habari ya miguu yangu. Nikamwambia arudishe kikapu.

Akadhani nimechukizwa. Ndipo nikamwambia yote: jumanne, CD, kitufe cha kwanza, kitambaa cheupe, barua za kampuni. Nilisema nikitazama mlango. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Ile jumanne na siku masasi yalianza mjini, ni siku ngapi?"

Nikamwambia kumi na tano.

"Katika zile kumi na tano," akasema, polepole, kama mtu anayepanga vyungu, "nilimupelekea muzee uji mara tatu. Mara ya mwisho aliniimbia. Alikuwa na sauti, Papa. Ningemwambia sema tena, angesema."

Nilimwambia nitamtafutia kiwanja mahali pengine, ninao uwezo. Akatikisa kichwa. Akasema hataki kiwanja changu. Anataka nipande naye kwa shefu, siku ya kikao, shemeji yake akiwepo, niseme vile nilivyosema hapa. Nikamwambia shamba limekwisha kuuzwa, watu wameezeka mabati, haitasaidia kitu. Akasema, "Najua. Twende tu."

Tulikwenda. Nilivaa koti langu la misa. Watu wa Kasha wananijua, nimewauzia kufuli wao na baba zao, wakanipisha mbele wakifikiri nimekuja kusuluhisha jambo. Nilisimama nikasema kwamba ushahidi wa wazee wawili uliandikwa kwangu, kurasa tatu, niliusikia kwa masikio yangu, na kwamba haukuporwa. Niliufuta mimi, kwa kidole changu, kwa sababu sikujua kusoma kilichokuwa mbele yangu na sikutaka mtu ajue. Nikasema na lile la siku kumi na tano.

Shemeji akasema, bila kuinuka, "Basi muzee ulikuwa unatucheza wote miaka yote, na karatasi yako ukutani?" Baadhi walicheka. Nilistahili, nikasimama nikangoja waishe. Kijana mmoja nyuma akauliza kama ile antivirusi niliyomwuzia mwezi uliopita nayo ina kidole. Wakacheka tena.

Shefu alikuwa mtu wa haki, alisema kilichokuwa cha kusema. Kwamba mimi sikumwona ng'ombe. Ninashuhudia karatasi isiyokuwepo juu ya maneno ya waliokufa. Kwa hayo hawezi kumtoa mtu ndani ya nyumba yake. Akamwuliza mjane anataka nini basi.

Mjane akasimama. Alisema kwamba shamba anajua limekwenda. Lakini kwa miaka mitatu watoto wake wanaitwa watoto wa mwongo, kisimani, shuleni, hata kanisani, kwa sababu ya kikao kilichofanyika hapa. Anaomba karani aandike katika kitabu kile kile kwamba siku ile hakusema uongo juu ya wazee. Kwamba walikuja, walisema, na ng'ombe alikuwa mwekundu. Shefu alitazama wenzake. Karani akafungua kitabu akaandika, na mjane akaenda akasimama juu ya bega lake mpaka alipomaliza, akamwomba asome kwa sauti. Alikuwa ameandika ng'ombe bila rangi. Akamwambia aongeze.

Kisha nikatia sahihi yangu chini, ile niliyojifunza ukubwani.

Tulipotoka watu walikuwa wamejaa njiani, wanatazama. Njia ya kushuka ni moja tu. Nilisimama nikimngoja tushuke pamoja, nikiwa na neno la kumwambia, sijui neno gani. Alijifunga kitenge vizuri, akatazama chini mteremkoni, kwenye yale mabati mapya yaliyokuwa migomba yake.

"Papa," akasema, "tangulia."

Nikatangulia.